Akisema Anataka Kufa, Mleteni Siku Hiyo Hiyo

Maswali haya kuhusu kujiua huulizwa kwa kunong'ona, mlangoni mwa kliniki ninapotibu wagonjwa wa akili, mtu akishaaga.

Eti anayetaka kujiua kweli hasemi?
Si kweli. Wengi husema, ila kwa mafumbo: "mtapumzika na mimi", "nisameheni nyote". Mama mmoja wa hapa Tanga alinionyesha ujumbe wa mwanawe kwenye simu: "Deni la dukani nimelipa. Baiskeli mpe mdogo wangu." Ulitumwa Jumatatu. Kwangu walifika Ijumaa. Siku zote hizo ndugu walikuwa kikaoni, wakibishana kama kijana anatishia tu. Mji huu baiskeli ndiyo miguu ya mtu. Anayeigawa bure hatishii. Tulimuwahi, alhamdulillahi, lakini Ijumaa ilikuwa mbali mno.

Nikimuuliza waziwazi, si nitamtia wazo?
Hapana. Watafiti wamelichunguza hilo mara nyingi, na hawakuona kwamba swali humchochea mtu. Muulize: "Unawaza kujiua?" Ukimuuliza "mbona umepooza siku hizi", atakujibu "uchovu tu", na mtaagana. Akikubali, usimhubirie dhambi. Msimwache peke yake, fungieni dawa na sumu za shamba, mumlete. Siku hiyo hiyo.

Na kama ni pepo?
Kombe (maji yaliyooshea aya za Kurani) anywe, dua asomewe. Sina ugomvi na shehe wala mchungaji. Ugomvi wangu ni zile wiki tatu za kuzunguka kwa waganga kabla ya kufika hospitali. Hospitali ya Bombo ipo hapa mjini. Kule Korogwe, hospitali ya Lutindi inatibu wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani. Karne nzima, na bado naambiwa "haya si ya hospitali"! Dua isomwe njiani, ndani ya bajaji.

Ukatili wa nyumbani unaingiaje?
Unaingia sana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2005 utafiti wa nchi 10. Kwa Tanzania walihojiwa wanawake wa Dar es Salaam na Mbeya. Waliofanyiwa ukatili na wenzi wao walikuwa wamewaza kujiua zaidi kuliko wasiofanyiwa. Utafiti wa kitaifa wa 2009 nao ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Basi binti akisema amechoka kuishi, kabla hujamwita mdekaji, muulize nani anamuumiza. Muulize faraghani. Naletewa mke aliyejaribu kujiua, na mume ndiye anayejibu kila swali. Mume huyo namtoa nje kwanza. Kwa mtoto, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Hatakamatwa na polisi?
Kujaribu kujiua bado ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na hofu hiyo inawaficha watu ndani. Lakini kuwaza si kosa, kulia si kosa, kuomba msaada si kosa. Mleteni kabla. Na aliyekwisha kujaribu mleteni vilevile, tena mbio: maiti hana kesi.

Sasa anacheka, anakula. Bado aje kliniki?
Aje. Aliyewahi kujaribu ndiye wa kuhofiwa zaidi, hata akicheka. Tarehe yake imeandikwa kwenye kadi. Asije peke yake.