Mafuta ya breki ya pikipiki: yanayosemwa maskani na yaliyomo ndani ya kikopo

Breki ya mbele ya pikipiki ya kawaida hubeba mafuta kiasi cha kikombe kimoja hadi viwili vya kahawa ya barazani, yaani mililita 50 hadi 100. Kubadilisha mafuta hayo na kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya breki, ni kazi ya saa moja nyumbani. Anayeiharibu kwa kawaida mikono yake ni mizima. Tatizo ni aliyoyasikia kabla hajashika spana.

"Mafuta bado meupe, hayana neno"

Rangi haisemi kitu kimoja. Mafuta yakiwa meusi ni kweli yamechoka: yamebeba unga wa raba na kutu ya ndani. Lakini yakiwa meupe yanaweza pia kuwa yamejaa maji, na maji ndiyo adui mkubwa zaidi.

Jina "mafuta" lenyewe linapotosha. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni daraja la mafuta ya breki, huandikwa kwenye chupa) si mafuta hasa, ni kimiminika cha jamii ya glikoli, na glikoli hunywa unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Unyevu unapita kwenye kifuniko, na unapenya hata kwenye ukuta wa mpira wa breki, yaani bomba linalopitisha mafuta, polepole, bila ya kuonekana. Ukiishi kisiwani, hewa ni hiyo hiyo mwaka mzima.

Maji yanapunguza kiwango cha kuchemka. DOT 4 mpya isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishabeba maji asilimia 3.7, kipimo chake kinashuka hadi 155. DOT 3 inatoka 205 hadi 140. Sasa chukua pikipiki yenye abiria na gunia la karafuu, ishushe kwenye miteremko ya barabara ya zamani ya Chake Chake kwenda Wete huku Pemba, dereva ameshikilia breki tangu juu. Kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski ya gurudumu, inapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unajaa. Mvuke unabanika, kimiminika hakibaniki. Mkono wa breki unazama hadi kwenye shikio na pikipiki haisimami. Ukipumzika robo saa breki inarudi kama kwamba hakijatokea kitu, na hapo ndipo mtu anaposema "imejirekebisha". Haikujirekebisha. Imepoa.

Watengenezaji wengi wanaandika miaka 2. Kwa hewa yetu, badilisha kila mwaka. Chupa ya mililita 250 inatosha breki ya mbele na hubaki. Ila hicho kinachobaki usikiweke hadi mwakani. Chupa ikishafunguliwa nayo inakunywa unyevu, hata kifuniko kikikazwa.

"Yamepungua, ongeza"

Mfumo wa breki hauli mafuta. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa husogea mbele na mafuta hushuka kuzifuata. Kwa hiyo mafuta ya kikopo kilicho kwenye usukani yakishuka taratibu kwa miezi, tazama pedi kwanza. Ukijaza juu kisha ukafunga pedi mpya, pistoni zitarudishwa nyuma na mafuta yatafurika juu ya tangi la petroli. Yakishuka kwa siku chache, hapo kuna mvujo: tazama chini ya mkono wa breki, kwenye maungio ya mpira, na kando ya pistoni.

"Breki ni ya haidroliki, basi mafuta yoyote ya haidroliki yanafaa"

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote. Raba za ndani ya breki zimetengenezwa kwa ajili ya glikoli. Ukitia mafuta ya haidroliki, ya gia au ya injini, zinavimba. Siku za mwanzo breki inashika vizuri tu. Baadaye raba iliyovimba inaziba kitundu kidogo ndani ya masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na mkono wa breki) ambacho mafuta hupitia kurudi kikoponi, na breki inabana yenyewe: gurudumu linakuwa zito, diski inaungua. Kwa sababu hiyo hiyo, usioshe sehemu za ndani kwa petroli wala dizeli. Osha kwa spiriti, ziache zikauke kabisa, kisha lainisha kwa mafuta mapya ya breki.

Ukinunua pikipiki iliyotumika na hujui ndani mna nini, vuta matone machache kwa sindano na uyadondoshe kwenye glasi ya maji. Ya glikoli yatayeyuka na kupotea. Yakielea, ndani mna kitu kisichotakiwa, na raba zote zinabadilishwa: za masta silinda, za kalipa, na mpira mrefu pia. Kumimina mafuta mapya juu yake hakusaidii.

"DOT kubwa ndiyo bora"

DOT 3, 4 na 5.1 zinachanganyika, ukitia DOT 4 penye DOT 3 hutaharibu kitu. DOT 5, isiyo na "nukta moja", ni silikoni, ni nasaba nyengine kabisa. Haichanganyiki na hizo tatu, na maji yakiingia hayamezwi, yanakaa chini kwenye kalipa na kuila. Soma kilichoandikwa juu ya kifuniko cha kikopo chako na ununue hicho. Pikipiki nyingi ni DOT 4, baadhi ni DOT 3.

"Kutoa upepo ni kupampu haraka haraka"

Kupampu kwa fujo kunavunja povu moja kubwa likawa vipovu mia, na vidogo ndivyo vigumu kutoa. Kazi inataka utulivu. Vinavyohitajika: spana ya pete namba 8 (kalipa nyengine ni 10), mpira mwembamba unaoonyesha ndani wa milimita 5, chupa tupu, bisibisi ya nyota namba 2, sindano kubwa ya mililita 50 au 60, ndoo ya maji na vitambaa.

Simamisha pikipiki na ugeuze usukani mpaka kikopo kikae sawa. Funika tangi. Skrubu za kifuniko ni laini na chumvi ya bahari huzishika, kwa hiyo gonga bisibisi kidogo kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Ukiharibu vichwa vyake utatumia asubuhi nzima kuzitoboa. Ondoa kifuniko na raba iliyo chini yake. Vuta mafuta ya zamani kwa sindano, ila usikaushe kabisa hadi matundu ya chini yakawa wazi. Pangusa tope, kisha jaza mafuta mapya.

Kwenye kalipa, vua kifuniko cha mpira cha skrubu ya kutolea upepo. Vika spana ya pete kwanza, ndipo uchomeke mpira, maana kinyume chake hakiwezekani. Mpira upande juu kidogo kuliko skrubu kabla ya kushuka kwenye chupa, na ncha yake izame ndani ya mafuta mapya kidogo uliyoyatia chini ya chupa. Kisha:

Bonyeza mkono wa breki polepole mara 3 na uushikilie. Legeza skrubu robo mzunguko. Mkono utashuka na mafuta yatatoka. Kaza skrubu *kabla* ya kuachia mkono. Ukiachia kwanza, upepo unavutwa ndani. Rudia. Kila baada ya mara 5 tazama kikopo, maana vikopo vya pikipiki ndogo ni vidogo na vinakauka ghafla. Kikikauka, masta silinda inanyonya upepo na unaanza upya. Kwa kawaida mililita 100 hadi 150 zikishapita, yanayotoka yanafanana na yale ya kwenye chupa mpya.

Jambo moja watu hawalisemi: kwenye pikipiki kuukuu, weka kipande cha mti kati ya mkono wa breki na shikio ili usifike mwisho. Sehemu ya ndani kabisa ya masta silinda ambayo raba haipiti kila siku huwa na kutu, na raba ikiburuzwa juu yake inachanika. Ndiyo maana fundi anaambiwa "ulipobadilisha mafuta ndipo ulipoiua".

Ukimaliza, jaza hadi alama ya juu, rudisha raba ikiwa imekunjwa sawa na kavu, funga. Bonyeza breki hadi iwe ngumu kabla hujapanda. Usifanye kazi hii mvua ikinyesha.

"Vipovu havijaisha, basi upepo bado upo"

Si lazima. Kinachoziba mafuta ni ncha ya skrubu, siyo nyuzi zake. Ukiilegeza, na hasa ukivuta kwa sindano kutoka chini, hewa ya nje hupita kwenye nyuzi na kuonekana mpirani kama vipovu vidogo visivyokwisha. Unaweza kumaliza chupa tatu ukivifukuza. Paka grisi ya silikoni kwenye nyuzi, mbali na ncha na tundu, au legeza skrubu kidogo tu, nusu ya ulivyokuwa ukilegeza. Kipimo cha kweli ni mkono wa breki: ukishika mapema na ukawa mgumu, upepo umetoka.

"Mkono bado laini, masta silinda imekufa"

Kabla hujanunua masta silinda, kumbuka upepo unapanda juu, nawe unausukuma ushuke chini. Mara nyingi povu limekaa kwenye ungio la mpira chini ya kikopo, mahali pa juu kabisa. Gonga mpira kwa mpini wa bisibisi kutoka chini kwenda juu, kisha sukumasukuma mkono kwa milimita chache tu, kikopo kikiwa wazi. Utaona vipovu vikichomoza. Kuufunga mkono wa breki kwa kamba usiku kucha nako kunasaidia: vipovu vidogo hubanwa, huachia ukuta, na asubuhi ukifungua vinarudi kikoponi. Lakini hilo halibadilishi mafuta. Mafuta ya zamani yatabaki ya zamani.

Mfumo ukiwa mtupu kabisa, sukuma mafuta mapya kwa sindano kutoka kalipa kwenda juu, polepole. Upepo unakwenda unakotaka kwenda. Punguza mafuta ya kikoponi kwanza yasifurike.

Masta silinda hujulikana hivi: ukishikilia mkono kwa nguvu sawa, unazama taratibu na nje hakuna tone. Hapo raba yake inapitisha. Ukiwa laini bila ya kuzama, tazama upepo, mpira mrefu uliozeeka unaovimba, au diski iliyopinda inayozirudisha pedi nyuma.

"Kaza sana ili isivuje"

Skrubu ya kutolea upepo ina tundu katikati, ukuta wake ni mwembamba. Nyutoni-mita 6 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza) zinatosha, yaani spana fupi na vidole viwili. Ikiwa imeshikwa na chumvi, isukume kwanza upande wa *kukaza*, kidogo sana, ndipo uilegeze, na tumia soketi ya pembe 6. Mafuta ya kulegezea kutu yanapuliziwa nje usiku wa kuamkia kazi, mbali na pedi na diski. Kile kifuniko chake cha mpira kinachodharauliwa ndicho kinachozuia yote haya. Kikipotea, nunua chengine.

Ukifungua ungio la mpira wa breki, weka washa mpya za shaba au alumini. Za zamani zimeshabanwa.

"Yakimwagika, pangusa tu"

Kupangusa kunayasambaza, na yanachubua rangi. Mwagia maji mengi mara moja, ndiyo maana ndoo ipo. Yakigusa pedi, badilisha pedi.

"Vespa yangu nayo inahitaji"

Vespa za zamani na pikipiki zenye dramu mbele na nyuma hazina mafuta ya breki. Ni waya, fimbo na nati ya kurekebishia. Breki ikiwa mbali, kaza nati mpaka gurudumu lianze kugusa, kisha rudisha kidogo lizunguke huru.

Mafuta yaliyotoka usiyamwage uani. Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe inapitisha hadi visimani. Wala usiyatie kwenye chupa ya maji ya kunywa: yana utamu fulani na ni sumu. Tumia chupa ya mafuta ya breki yenyewe, iandike, na uipeleke gereji wanakokusanya oili chafu.