Umeumia usoni na husikii harufu? Njoo mapema, iandikwe mapema

Karibu kila wiki kliniki yetu ya masikio, pua na koo inapokea mtu wa aina hii: alianguka na bodaboda miezi minane iliyopita, jeraha limefunga, na sasa ameshika PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, iliyokunjwa mara nne. Anaomba tuongeze mstari mmoja tu, kwamba hasikii tena harufu. Hatuongezi. Sababu nitaitoa, lakini tuanze na pua yenyewe.

Neva za kunusa ni nyuzi nyembamba zinazotoka juu kabisa ya pua na kuingia kwenye ubongo kupitia mfupa wenye matundu kama chujio la chai. Kichwa kikipata kishindo, ubongo huyumba ndani ya fuvu na nyuzi hizo hukatika palepale kwenye matundu. Ndiyo maana hata aliyegonga kisogo anaweza kupoteza harufu, na pua yake haina mchubuko. Kwa wengine neva ni nzima ila njia imezibwa na damu, uvimbe au mfupa uliopinda. Hawa ndio wanaoweza kunufaika na kunyooshwa pua, na kazi hiyo hufanywa ndani ya wiki 2 hivi, kwa mtoto mapema zaidi, kabla mfupa haujaungana vibaya. Aliyekatika neva, upasuaji wa pua haumrudishii harufu. Tumelisema hili mara nyingi, na bado familia zinachangishana fedha.

Mgonjwa husema chakula hakina ladha. Ulimi wake ni mzima: chumvi, sukari, ukali wa ndimu na uchungu wa shubiri anavipata vyote. Asichopata ni tofauti ya mchuzi wa samaki na mchuzi wa kuku.

"Lakini daktari, dawa ya kuchua naisikia." Huo ni mwasho. Ukali wa dawa ya kuchua, kitunguu au amonia hubebwa na neva nyingine, ile ya hisia za uso. Kwa hiyo sisi hupima kwa kahawa na karafuu, macho yamefumbwa, tundu moja baada ya jingine. Amonia tunayo pia, na anayedai hata hiyo haimgusi kabisa, tunampima upya, maana mwasho wake hauhitaji neva za kunusa.

Mambo mawili hayasubiri. Kwanza, uvimbe laini ndani ya pua, kwenye ukuta wa kati, pamoja na pua kuziba: ni damu iliyojikusanya, na isipotolewa upesi gegedu, ule mfupa laini wa pua, hufa na pua hubonyea. Pili, maji maangavu. Dereva mmoja alitujia na "mafua" ya wiki tatu, tundu la kushoto tu. Kila akisujudu, tone lilidondoka mswalani, na akilionja lina chumvi. Nyumbani walikuwa wakimfukiza. Yale yalikuwa maji ya ubongo, na njia yanayotokea ndiyo njia ya vijidudu kuingilia na kuleta homa ya uti wa mgongo. Usipenge, usizibe kwa pamba, usivute ugoro. Njoo siku hiyohiyo.

Sasa PF3. Fomu hutolewa na polisi, na daktari hujaza alichokiona siku alipokupima. Huduma ya kuokoa maisha haingoji karatasi. Ukigundua baadaye kwamba hunusi, tutakupima na kukuandikia ripoti mpya yenye tarehe mpya. Ya zamani haiguswi. Kuibadilisha ni kughushi, kosa ambalo chini ya Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, lina kifungo cha hadi miaka 7, na aliyeshawishi haponi. Kama uliumia kazini, mjulishe mwajiri kwa maandishi hata kama unaona ni kidonda tu, ili taarifa ifike Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Usivushe miezi 12 tangu ajali kabla ya kudai fidia. Na daktari wa kwanza akisahau kukuuliza kuhusu harufu, mwambie wewe.

Wanaopona baada ya neva kuumia ni wachache kuliko wasiopona, na wengi wao huanza kuona nafuu ndani ya mwaka wa kwanza. Kinachofaa kujaribiwa ni mazoezi ya kunusa, njia aliyoichapisha Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Wa pwani hana kisingizio, vyote viko sokoni. Nusa taratibu, sekunde kadhaa kila kimoja, huku ukikumbuka harufu yake. Maji ya kitunguu saumu puani hayamo katika orodha hiyo.

Asiyenusa ana hatari nyumbani pia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, kwa hiyo mitungi ya gesi itaongezeka majumbani. Gesi yenyewe haina harufu; ile unayoijua imeongezwa kiwandani ili uvujaji ujulikane, na kwako haisaidii kitu. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata: likitoa mapovu, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi. Kiporo kiandike siku yake. Mama lishe mmoja tunayemhudumia humpa binti yake anuse nyama kila alfajiri kabla ya kuibandika jikoni, na mkaa anauwashia nje, maana hewa ya sumu ya mkaa hainuswi na yeyote, hata binti huyo.