Uzi ukining'inia kwa paka, usiuvute

Kuhusu paka aliyemeza uzi au kitu kingine, dhana potofu inayorudiwa kuliko zote ni hii: uzi ukijitokeza mdomoni au kwenye njia ya haja kubwa, uvute taratibu mpaka utoke. Jamani, usivute! Paka hufa kwa kosa hili.

Ulimi wa paka una vijimiiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo uzi ukishaingia ni vigumu kuutema. Mara nyingi ncha moja hujizungusha kwenye shina la ulimi, au hukwama pale tumbo linapoungana na utumbo mwembamba. Utumbo unaendelea kusukuma, uzi hausogei, basi utumbo wenyewe unapanda juu ya uzi na kujikunja kama kitambaa ambacho uzi wa mshono umekazwa. Uzi ulionyooka hivyo hukereza kuta za mikunjo mpaka zitoboke, na uchafu wote humwagika ndani ya tumbo. Ukivuta, unauongezea makali.

Mkague hivi: fungua mdomo, kisha kwa kidole gumba sukuma juu kutoka chini ya kidevu, katikati ya mifupa ya taya. Ulimi utainuka, utazame chini yake kama kuna mstari mwembamba. Usipouona, bado si uthibitisho kwamba hakumeza. Uzi wa mdomoni uache ulivyo, daktari aone ulipojifunga. Wa nyuma ukiburuta chini, upunguze kwa mkasi bila kuukaza. Usimpe chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

"Mtapishe kwa chumvi." Chumvi hupandisha sodiamu mwilini hadi paka apate degedege. Hidrojeni peroksaidi nayo huunguza tumbo la paka na kulitoa damu. Sindano au betri ikirudi juu hujeruhi koo mara ya pili. Dawa za kumtapisha zipo, lakini ni za daktari, na si kila kitu kinafaa kutapishwa.

Mafuta ya kula hayateleshi uzi uliojifunga. Ukimlazimisha, yanaweza kuingia kwenye mapafu.

"Amepata choo, kwa hiyo hajaziba." Kinyesi hicho kilikuwa tayari kwenye utumbo mpana, mbele ya kizuizi.

"Eksirei haikuonyesha kitu." Chuma huonekana; uzi, kitambaa na raba nyingi za nywele hazionekani. Omba ultrasaundi.

Na ule ushauri wa kusubiri siku tatu uone kama kitu kitatoka chenyewe uachwe kabisa. Betri ndogo ya saa ya mkononi ikikwama kooni inaweza kuanza kuliunguza ndani ya nusu saa. Paka anayetapika mara kwa mara na kukataa chakula hana siku tatu. Akiwa mnene, hata njaa peke yake huanza kulijaza ini lake mafuta.

Unapoondoka nyumbani, beba kipande kilichobaki cha kitu alichomeza au pakiti yake, na ukumbuke saa aliyokimeza na mara ya mwisho alipokula.