Dirisha la faragha linaficha nini hasa?

Hapa Bukavu, kuanzia vyuoni hadi kwenye intaneti kafe za Kadutu, wengi tunaamini kwamba ukifungua dirisha la faragha (incognito) katika kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, hakuna awezaye kujua umetembelea wapi. Imani hiyo ina msingi: dirisha mara nyingi huwa jeusi, na ukilifunga, historia haipo.

Lakini kinachofutwa ni kile tu kilichobaki ndani ya kifaa: historia, vidakuzi (vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa ili zikukumbuke), ulichojaza kwenye fomu. Kwa simu inayotumiwa na ndugu watatu nyumbani, au kompyuta ya kulipia kwa saa, hiyo ni kinga ya kweli na ninaipendekeza. Faili ulizopakua, hata hivyo, hubaki. Na njia ya data haibadiliki: ombi lako bado linapitia kampuni inayokuuzia mega, nayo kwa kawaida huweza kuona jina la tovuti, hata pale HTTPS, njia ya kusimba mawasiliano kati yako na tovuti, inapoficha yaliyomo kurasani. Tovuti nayo huona anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako mtandaoni. Ukiingia kwenye akaunti yako, umeshajitambulisha. VPN, huduma inayopitisha data yako kwanza kwenye kompyuta zake, huificha anwani ya IP isionekane na tovuti, ila sasa mwenye VPN ndiye anayeona unakoelekea.

Hakikisha mwenyewe. Tafuta "anwani yangu ya IP" katika dirisha la kawaida, kisha katika la faragha, kwenye mtandao uleule: kwa kawaida namba ni ileile. Usome pia maandishi yanayotokea dirisha hilo linapofunguka; katika vivinjari kama Chrome, mipaka mikuu imeandikwa pale waziwazi, ila haraka ya kutafuta hutufanya tuyapite.