Bioanuai ya Kilimanjaro inaishi pia kihambani

Mkazi wa Moshi akiulizwa bioanuai ya Kilimanjaro, yaani aina mbalimbali za viumbe wake, inatunzwa wapi, mara nyingi ataelekeza kidole mlimani, palipo na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987. Jibu lake ni sahihi, ila linasahau eneo kubwa ambalo mlinzi wake ni mwenye kihamba mwenyewe, yaani shamba la familia ya Kichaga linaloizunguka nyumba. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006, mwanaikolojia Andreas Hemp aliorodhesha aina 520 za mimea ndani ya vihamba vya Wachaga, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu yeyote. Huota zenyewe chini ya migomba, kandokando ya mifongo, ile mifereji ya jadi ya kumwagilia, na juu ya magome ya miti mikubwa ya kivuli.

Hiyo miti ya kivuli ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi sisi tunaofanya kazi ya elimu ya mazingira. Bei ya kahawa ikishuka na mbao zikitafutwa mjini, mfuruanje au mringaringa uliotunzwa na babu huangushwa kwa siku moja, na mahali pake hupandwa mgrevilea, mti wenye asili ya Australia, kwa sababu hukua haraka na hunyooka vizuri. Hatumlaumu mkulima mwenye ada za shule za kulipa. Tunamwomba tu, kabla ya kuangusha mti wa asili, aache miche yake miwili au mitatu ikue, kwa kuwa pamoja na mti hushuka vingi visivyoonekana kwenye hesabu ya mbao.

Huko Uru, kwenye miteremko ya mlima, bibi mmoja alitusimamisha chini ya mfuruanje wake akatuonyesha madoa meupe ya kuvu kwenye gome, okidi zilizoshika kwenye panda za matawi, na tundu la nyuki wadogo lisilozidi upana wa kidole. Hakuwahi kulitumia neno bioanuai, lakini alijua mti ule hutoa maua lini na ni ndege gani hufika kwanza. Ujuzi wa namna hiyo hauwezi kupatikana kwa mtaalamu anayefika kijijini mara mbili kwa mwaka.

Wala si suala la uzuri peke yake. Jaribio lililofanyika kwenye kahawa hapa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014, ambamo baadhi ya mikahawa ilizungushiwa wavu ili wanyama wasiifikie, lilionyesha kuwa ndege na popo wanaokula wadudu huongeza matunda yanayoshika kwa takriban asilimia 9, huku nyuki na wachavushaji wengine wakiongeza uzito wa tunda kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo anayefukuza popo kwa moto anajipunguzia mavuno yake mwenyewe. Vivyo hivyo, kinyonga dume mwenye pembe mbili, ambaye watoto humpiga mawe kwa kudhani ana sumu, hana sumu hata kidogo.

Kwa wakazi wa mjini, Msitu wa Rau uko karibu kabisa. Humo umo msoo, mti unaojulikana katika sehemu chache mno duniani, unaopenda ardhi yenye maji ya chini kwa chini. Anayetupa taka au kulima kwenye kingo za mto anaugusa msitu huo moja kwa moja, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Sheria hiyo hiyo inatambua kamati za mazingira za vijiji, na mwananchi anaweza kupeleka taarifa yake huko bila kusubiri mtaalamu.

Taarifa nzuri haihitaji elimu ya chuo. Inatosha kuandika tarehe, mahali, ulichokiona na kilikuwa kinafanya nini, pamoja na picha ya simu ikipatikana. Picha hiyo ikiwekwa kwenye programu ya iNaturalist, watu wengine husaidia kutambua jina la kiumbe. Yule bibi wa Uru hatumii simu ya namna hiyo. Anamtajia mjukuu wake, naye anaandika kwenye daftari la shule lililofunguliwa kutoka nyuma, na ukurasa wa kwanza una mstari mmoja: mfuruanje, maua yameanza, nyuki wamekuja.