"Kijani mwaka mzima" maana yake nini hasa?

Kichaka cha kufunika ardhi ni mmea wenye shina gumu, usiozidi goti, unaotanda kando na kubaki na majani masika na kiangazi. Karisa fupi, junipa ya kutambaa, rosemari ya kulala. Nyasi si kichaka, hata ikiuzwa kwenye kitalu hichohicho.

Linaloudhi ni hilo neno la kijani. Muuza miche wa kando ya barabara, awe Nakuru au Kisumu, akitamka "hii ni kijani mwaka mzima", mnunuzi husikia kwamba haiangushi jani wala haitaki maji. Kila jani lina umri wake. Mjakaranda hupukutisha mengi kwa mkupuo. Vichaka hivi hubadilisha machache machache, mapya yakiwa yameshafunguka. Ndiyo maana ndani, karibu na shina, hukosi majani ya manjano. Huo ni uzee tu. Manjano yakianzia kwenye machipukizi, hapo kagua mizizi.

Kuchanganya manjano haya mawili kunaua mimea mingi. Mtu anaona majani ya ndani yamegeuka, anamwaga maji kila jioni. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, mizizi hukosa hewa, huoza, manjano huzidi, naye huongeza maji! Huko panda juu ya tuta la sentimita 20. Nakuru mambo ni mengine: udongo wa majivu ya volkeno hunywa maji upesi, kwa hiyo mche mchanga upewe kama lita 5 mara mbili kwa wiki kiangazi chote cha kwanza, na matandazo ya sentimita 5 yasiyogusa shina.

Karisa ipewe nafasi ya sentimita 60, yaani karibu miche 3 kwa mita mraba. Ukiibana hukimbilia juu badala ya kutanda. Ni jamaa ya ochuoga, karisa ya porini: ina miiba na utomvu mweupe, na ukiikata hadi vijiti vitupu huchipua tena. Junipa haina huruma hiyo. Ukikata tawi kupita sehemu yenye majani, pengo litabaki.

Muuzaji hajakuibia. Ila angesema "haibaki uchi", angekuwa amesema sawa zaidi.