Weusi wa Bawa Haukwambii Joto Lake

"Nyeusi inavuta joto, nyeupe inalirudisha, basi." Juzi tena huko Gede, pwani ya Kenya, nimemsikia mwalimu akiwaeleza wanafunzi wake hivyo, akiwaonyesha kipepeo wa mindimu, Papilio demodocus. Sikumkatiza mbele ya wanafunzi. Lakini jamani!

Karibu nusu ya nishati ya jua inayotufikia huku chini haionekani kwa macho. Ni infraredi ya karibu, iliyo ng'ambo ya rangi nyekundu. Melanini, ile inayolitia bawa weusi, hufyonza sana mwanga tunaouona, ila kadiri unavyoingia kwenye infraredi nguvu yake hupungua. Kwa hiyo mabawa mawili yaliyo meusi sawasawa machoni pako yanaweza kupishana sana juani. Ukisema "jeusi" hujasema kitu kuhusu ile nusu nyingine.

Tena kufyonza ni kuingiza tu. Kutoa je? Gamba la mdudu humwaga joto kwa infraredi ya mbali, iliyo mbali zaidi na nyekundu kuliko ile ya karibu, kuelekea anga, na huko rangi haina kauli: kanzu nyeupe na buibui jeusi ni karibu sawa. Kinachoamua ni unene wa kitini, ile dutu ngumu inayojenga gamba la mdudu, na umbo la vinyweleo au vigamba. Mwaka 2020 watafiti Naomi Pierce, Nanfang Yu na wenzao walionyesha kwamba bawa la kipepeo si karatasi iliyokufa. Mishipa inayopitisha damu, na kwa baadhi ya madume viraka vinavyotoa harufu, ni sehemu hai, na ndizo zenye kitini kinene au vigamba vya muundo wa pekee vinavyotoa joto kuliko utando ulio kando yake. Bawa moja, rangi moja, hesabu mbili za joto.

Anayenimaliza kabisa ni sisimizi wa fedha wa Sahara, Cataglyphis bombycina. Vinyweleo vyake, ukivikata, vina umbo la pembetatu. Vinarudisha mwanga wa jua, na papo hapo vinamsaidia kutoa joto lake angani. Sasa mgeuze: tumboni hana! Mchanga wa adhuhuri ni moto kuliko yeye, na tumbo tupu hurudisha joto la mchanga vizuri kuliko lenye vinyweleo. Weupe na weusi wa mwalimu unaeleza nini hapo?

Upepo naupitia mbio: mdudu akiwa mdogo sana, Kusi likivuma, hewa humpoza kiasi kwamba habari ya rangi inabaki ndogo. Na tabia pia. Kipepeo huyohuyo asubuhi hutandaza mabawa aote jua, likiwaka huyafunga au huhamia kivulini. Hajasoma kitabu.

Lakini nikubali jambo ambalo vitabu hulifunika: vipimo vyenyewe vinanitia wasiwasi. Bawa ni jembamba mno, na kamera ya joto huona kupitia humo. Namba unayoisoma huenda nusu yake ni ya jani lililo nyuma. Ukigusisha waya wa kupimia, waya wenyewe unanyonya joto. Na kielelezo kikavu kilichochomwa pini sandukuni hakina damu inayopita mishipani, kwa hiyo hakipoi kama aliye hai. Mtu akinipa joto la bawa hadi desimali, kwanza namuuliza nyuma yake kulikuwa na nini.